Tusiilaumu Injini Ndogo Yenye Turbo



Mwezi uliopita walifika ofisini kwetu hapa Kiembeni wakulima watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wote wa chama kimoja cha kuuza maembe na maziwa. Walikuwa wamejiwekea akiba kwa muda mrefu ili wanunue gari la kuchukua mazao kutoka mashambani mpaka soko la Kongowea. Walitaka pikapu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana njia zao ni mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Walikuwa wameonyeshwa magari mawili ambayo bei zake zilikaribiana. La kwanza lilikuwa kuukuu kidogo, lenye injini kubwa ya dizeli ya lita 4.2, isiyo na turbo. La pili lilikuwa na umri mdogo zaidi, na injini yake ilikuwa ya lita 2.5 yenye turbo.

Mzee aliyewaongoza alinieleza shauri lake wazi. "Bwana Karani," alisema, "mimi nataka lile kubwa. Injini ndogo yenye turbo ni kijana mwembamba aliyebebeshwa gunia la nazi. Atakwenda, lakini mgongo utavunjika njiani." Mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Ni kweli, baba, lakini lile kubwa linakunywa, na dizeli hiyo italipwa na maziwa yangu." Kisha wote wakanitazama mimi niamue.

Mimi si fundi wa magari. Nilisomea ualimu, nikaja kuwa karani wa kilimo, na moja ya kazi zangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika daftari la safari za gari la ofisi: kilometa, lita za dizeli, oili, na matengenezo. Lakini daftari hilo limenifunza jambo ambalo naona wakulima wengi wa skimu, kuanzia Mtwapa na Gede mpaka Shimba Hills na Mpeketoni, wanahitaji kulijua kabla ya kutoa fedha zao. Nalo ni hili: injini ndogo yenye turbo si dhaifu, wala haidanganyi inapoahidi kupunguza dizeli. Ila haina msamaha kwa mwenyewe aliye mzembe. Anayeweza kuitunza na ainunue. Asiyeweza, na aiache, asije akailaumu baadaye kwa kosa lililo lake.

TURBO NI KITU GANI

Injini huhitaji vitu viwili ili ifanye kazi: mafuta na hewa. Kilo moja ya dizeli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe, kama mtu avutavyo pumzi. Ukitaka nguvu zaidi huna budi kuipa kifua kikubwa zaidi, yaani silinda kubwa au silinda nyingi.

Turbo ni njia nyingine. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini hulizungusha gurudumu la kwanza kabla ya kwenda zake. La pili, likizunguka pamoja nalo, husukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hivyo ile nguvu ya moshi, ambayo katika gari jingine hupotea bure, hapa inarudishwa kazini. Injini ndogo hupata hewa ya injini kubwa, ikachoma dizeli zaidi pale tu inapohitaji.

Jambo hili si geni. Aliyelibuni ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepata hati yake mwaka 1905. Meli kubwa zinazotia nanga Kilindini huendeshwa na injini za dizeli zenye turbo, na malori yanayopanda kutoka Changamwe kwenda Mariakani na bara nayo yanazo. Hakuna mwenye lori anayesema kwamba turbo ni kitu cha mchezo.

Ukitaka kuona tofauti yake, tazama Land Rover, gari ambalo wazee wetu walilijua kama gari la Bwana Shamba. Ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948 ilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 50 hivi. Injini yake ya dizeli ya mwaka 1961, yenye ukubwa wa lita 2.25, ilitoa nguvu za farasi 62. Mwaka 1990 Defender ikapewa injini ya lita 2.5 yenye turbo, iliyoitwa 200Tdi, nayo ikatoa nguvu za farasi zaidi ya 100. Ukubwa uliongezeka kidogo tu, lakini nguvu ilikaribia kuwa mara mbili.

Siku hizi tofauti imekuwa kubwa zaidi. Injini ya Toyota inayoitwa 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo ambayo imo katika Land Cruiser za polisi na za hospitali tangu mwaka 1990, hutoa nguvu za farasi kama 130. Isuzu nao wana injini ya lita 1.9 yenye turbo, na hiyo hutoa 150. Kwa hiyo yule kijana mwembamba wa mzee wetu, tukimpima kwa mizani, ana nguvu kuliko jitu. Swali lililobaki ni kama atadumu, na kama atakula kidogo.

JE, NI KWELI INAPUNGUZA DIZELI?

Ni kweli, lakini si wakati wote. Injini kubwa hula hata inapokuwa haina kazi, kwa sababu pistoni zake kubwa na sehemu zake nzito lazima zisukumwe wakati wote, gari likiwa na mzigo au likiwa tupu. Injini ndogo ina vitu vichache vya kusukuma. Gari linaporudi tupu kutoka Kongowea, au linapokwenda taratibu kwenye lami ya kwenda Malindi, ndipo injini ndogo inapoweka akiba yako.

Lakini likijazwa mzigo mpaka springi zilie, likatiwa kwenye mchanga mzito kwa gia ndogo siku nzima, akiba hiyo hupungua sana. Kazi ni kazi. Kuvuta tani moja ya maembe kutoka kwenye mchanga kunahitaji dizeli, na hakuna chombo kinachoweza kuivuta kwa upepo mtupu. Mtu akikuambia kwamba gari lake dogo lenye turbo linakunywa nusu ya lile kubwa katika kila kazi, jua kwamba anauza gari.

Tena sisi wa pwani tukumbuke jambo moja. Huko Nairobi, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake, wakati yenye turbo hupoteza kidogo tu. Hapa Kiembeni tuko karibu na usawa wa bahari na hewa ni nzito, basi injini kubwa hupumua vizuri. Kwa hiyo mkulima wa pwani asidhani kwamba atapata faida ile ile ya nguvu anayosifiwa na ndugu yake wa Nyandarua.

Natufanye hesabu, kama nilivyowafanyia wale wakulima watano ubaoni. Nambari hizi ni za mfano tu, nawe utie zako. Tuseme gari litakwenda kilometa 1,500 kwa mwezi. Lile kubwa, tuseme, linakwenda kilometa 8 kwa lita moja, nalo litahitaji lita 187 na nusu. Lile dogo, tuseme, linakwenda kilometa 11 kwa lita, nalo litahitaji lita 136 na kidogo. Tofauti ni lita 51. Tuseme lita moja ya dizeli ni shilingi 180. Akiba ya mwezi ni shilingi 9,180, na ya mwaka mzima ni kama shilingi 110,000. Hiyo si fedha ya kudharau kwa chama cha wakulima, hasa tukikumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 dizeli ilipita shilingi 200 kwa lita.

Basi yule mama alikuwa na haki. Lakini hesabu haijaisha, na nitairudia baadaye.

SIFA MBAYA IMETOKA WAPI?

Mzee naye hakusema bila sababu. Injini za turbo zimewahi kuwatia watu hasara, na ni vizuri tuseme kweli.

Land Rover walipotia turbo kwenye injini yao ya dizeli ya lita 2.5 mwaka 1986, kabla ya ile 200Tdi, injini hiyo ilipata sifa mbaya kwa sababu pistoni zake zilikuwa zikipasuka. Sababu yake inaeleweka: hewa zaidi na dizeli zaidi huleta moto zaidi, na vyuma visivyotengenezwa kwa moto huo haviwezi kuuvumilia. Injini zilizofuata zilitengenezwa upya kwa ajili ya turbo. Hata hivyo 300Tdi za kwanza, za mwaka 1994 na baadaye, zilisumbua kwa mkanda wa taimingi uliokuwa ukilika kabla ya wakati, mpaka kampuni ikatoa vipuri vya kurekebisha kasoro hiyo. Turbo haikuhusika na kasoro hiyo ya mkanda.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2022 mahakama ya Australia ilikata shauri kuhusu magari zaidi ya 260,000 ya Toyota, aina ya Hilux, Prado na Fortuner, yaliyouzwa huko tangu mwaka 2015 mpaka 2020. Iliona kwamba yalikuwa na kasoro. Lakini kasoro haikuwa kwenye turbo, wala haikuwa udogo wa injini. Ilikuwa kwenye mpango wa kusafisha moshi, yaani lile chujio la masizi lililowekwa kwenye bomba la moshi. Chujio hilo huhitaji kupata moto mkali kwa muda ili liyachome masizi yaliyokusanyika. Yasipochomwa, huziba.

Mkulima wa Kisauni afikirie sana jambo hili, maana hata chujio lisilo na kasoro huziba likinyimwa moto wake. Safari zetu ni fupi. Gari linatoka Mwakirunge au Utange, linafika Kongowea, linazimwa, linarudi. Chujio halipati moto wa kutosha. Basi unaponunua gari lililotumika, uliza kwanza kama lina chujio hilo, na kama limo, mpe dereva amri ya kulipeleka mwendo mrefu wa barabara kuu mara kwa mara, bila kusimama simama.

Ukitazama mifano hii yote, utaona kwamba tunalaumu udogo na turbo kwa makosa ambayo mara nyingi ni ya kitu kingine. Na kosa lililo kubwa kuliko yote halikufanywa Uingereza wala Japani. Hufanywa hapa kwetu. Mimi mwenyewe nililifanya.

KOSA LA KALAMU YANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika ofisi nyingine, ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikuwa na pikapu yenye injini ndogo ya turbo. Daftari lake niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri kama nilivyowafundisha watoto darasani. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno haya: oili na chujio lake vibadilishwe kila kilometa 5,000.

Kilometa zilipotimia, dereva alikuja akaniambia, "Bwana, wakati wa oili umefika." Nikamjibu kwamba tungoje fedha za robo ya mwaka ijayo. Alikuja mara ya pili, nikampa jibu lile lile. Ukweli ni kwamba ningeweza kuandika barua ya kuomba fedha hizo kwa nusu saa tu. Sikuiandika. Gari lilikuwa likienda vizuri, na mimi nilikuwa na kazi nyingine. Kilometa zikapita mara mbili ya kiasi kilichoandikwa.

Siku moja ya mwezi wa Machi gari lilikuwa likipanda mlima wa Kwale na mifuko ya mbegu za mahindi, likielekea Shimba Hills. Dereva akasikia filimbi kali, kama birika lililochemka. Kisha moshi wa buluu ukafunika barabara nyuma yake, na nguvu zikaisha.

Fundi alipofungua alituonyesha. Oili ilikuwa nzito na nyeusi kama lami. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenga na chuma kinachoishika ni utando mwembamba wa oili tu. Oili hiyo hufika kwa mrija mwembamba, na mrija wetu ulikuwa umeziba. Shafti ilikaangika kavu, mapanga yakasagika ukutani.

Gari lilisimama wiki saba. Mbegu zilibaki ghalani. Masika yakaanza, na wale waliokuwa wakitutegemea wakapanda punje zilizobaki za mwaka uliotangulia, au wakangoja wakachelewa. Mwezi wa Agosti mkulima mmoja alikuja ofisini na hindi moja mkononi, punje zake unaweza kuzihesabu. Hakunitukana. Aliliweka juu ya meza yangu, akauliza tu, "Gari limepona?"

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Ofisi nzima ilisema kwamba injini hizi ndogo za turbo ni mbovu, na mimi nikanyamaza wakasema hivyo, kwa sababu maneno hayo yalinifaa. Daftari lilikuwa kwenye sanduku langu, na ndani yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mlikuwa na ushahidi kwamba injini haikukosa. Basi leo nalitoa deni hilo.

MAMBO YA KUSHIKA

Mwenye gari lenye turbo na ashike mambo haya. Hakuna hata moja linalohitaji elimu kubwa.

1. Oili. Tumia oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ibadilishe pamoja na chujio lake kwa wakati, na katika vumbi na kazi nzito usipitishe kilometa 5,000. Oili ya bei rahisi isiyo na jina ndiyo ghali kuliko zote. Pima kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.

2. Hewa. Vumbi likipita chujio la hewa hulika mapanga ya turbo na baadaye silinda. Tazama chujio mara kwa mara wakati wa kiangazi, na tazama mipira inayopeleka hewa kama haijapasuka. Gari likitoa moshi mweusi na kukosa nguvu, mara nyingi hewa inavuja kwenye mpira huo, wala turbo yenyewe haijafa. Mwambie fundi aanze huko kabla ya kukuuzia turbo mpya.

3. Moto. Ukiwasha asubuhi, usiikanyage mara moja. Iache oili ifike. Ukitoka kwenye mchanga au mlima na mzigo, usizime papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika moja au mbili, ili turbo ipoe wakati oili ingali ikipita. Dereva na azitumie dakika hizo kufungua turubai.

4. Maji. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hula rejeta na kichwa cha injini. Usitie maji ya kisima. Tia maji ya rejeta yanayouzwa dukani, na ukiona mshale wa joto unapanda, simama. Injini ndogo inayofanya kazi kubwa haina nafasi ya kuvumilia joto.

5. Dizeli. Tangu mwaka 2015 dizeli ya Kenya ina salfa kidogo kuliko zamani, nayo ni heri kwa injini hizi. Lakini watu wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli walikuwa wengi hata serikali ikaweka ushuru wa pekee juu ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuwazuia. Nozeli na pampu za injini za kisasa ni nyembamba sana. Mafuta ya taa huzikausha na maji huziua. Nunua kwenye kituo kimoja unachokiamini, weka risiti, na usinunue dizeli ya madebe kando ya njia.

6. Mzigo. Pikapu ya tani moja ichukue tani moja. Kwa kuwa injini yenye turbo haionyeshi kuchoka mapema, watu huijaza tani mbili na kusema inaweza. Inaweza leo.

HESABU INAENDELEA

Sasa turudi kwenye ile akiba ya shilingi 110,000 ya mfano wetu. Makosa ya vyama vingi ni kuihesabu yote kuwa faida na kuigawanya. Mimi nasema, kila mwezi toeni shilingi 3,000 katika ile 9,180, mziweke kando kwa jina la turbo. Kwa mwaka ni shilingi 36,000. Kwanza zitawatosheleza kutobabaika oili inapotakiwa. Na kama miaka miwili au mitatu itapita salama, mtakuwa na akiba ya kununua turbo, au nozeli, bila kuchangishana. Hata baada ya kutoa hizo, zimebaki kama shilingi 74,000 kwa mwaka ambazo lile gari kubwa lingezinywa.

Lakini ikiwa chama hakina mtu wa kuziweka kando fedha hizo, wala wa kuandika daftari, hesabu yote hii ni ya ubaoni tu. Turbo moja ikifa, pamoja na siku ambazo gari halikufanya kazi na maziwa yaliyomwagika, akiba ya mwaka itakuwa imekwenda.

LINI USINUNUE

Kwa hiyo sisemi kwamba injini ndogo yenye turbo ni ya kila mtu. Ikiwa kazi yako ni kuvuta mizigo mizito kwenye mchanga siku nzima, mbali na gereji yenye vyombo vya kisasa, ile injini kubwa ya zamani bado ina heshima yake. Haina kompyuta nyingi, mafundi wetu wa chini ya mwembe wanaijua, na ukichelewa kidogo kubadili oili itanung'unika bila kukuacha njiani. Hata Toyota wenyewe, walipoanza mwaka 2023 kuitia Land Cruiser yao ya kazi injini ya lita 2.8 yenye turbo, hawakuiondoa ile ya lita 4.2 katika nchi zote. Wanajua kwamba kuna mahali ambapo uvumilivu una bei kuliko dizeli.

Tena, ikiwa gari limetumika na hujui mwenyewe wa kwanza alilitunzaje, kuwa na hadhari mara mbili. Fundi aondoe mpira wa hewa, ashike shafti ya turbo kwa vidole aitikise; na atazame kama kuna oili nyingi ndani ya mpira. Kazi hiyo ni ya robo saa. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Wala tusichanganye vitu. Kuna vigari vidogo vya Suzuki, aina ya Jimny, vilivyotengenezwa kwa sheria ya Japani inayotaka injini isizidi sentimita 660 za ujazo, navyo vina turbo na huvuta kwa magurudumu yote. Ni vizuri kwa mtu mmoja kukagua shamba lake. Havikufanywa vivute trela la nazi, na anayevifanyia hivyo asije ofisini kulalamika.

Wale wakulima watano sikuwaamulia. Niliwauliza swali moja: nani kati yenu ataandika daftari? Wakatazamana. Kisha yule mama wa maziwa akasema yeye huandika lita za ng'ombe wake kila asubuhi na kila jioni, haoni kwa nini ashindwe na lita za gari. Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Ikiwa binti huyu atashika kalamu, na dereva atamtii, mimi naondoa neno langu." Wakaenda kulitafutia fundi lile gari dogo, alikague kwanza.

Basi, ndugu wakulima, kwenye mkutano ujao wa chama chenu, kabla hamjajadili bei, rangi, wala ukubwa wa injini, mchagueni kwanza mshika daftari. Mkimpata, nunueni injini ndogo bila hofu, nayo itawawekea akiba. Msipompata, nunueni ile kubwa mlipe dizeli yake bila kunung'unika, kwa sababu mtakuwa mmelipa ada ya kutokuandika.

Karani wa Ofisi ya Kilimo,
Kiembeni